«Work», kazi na kutumika: verbe moja ya Kingereza na maana yake mu Lubumbashi

Mutu mwenye anatafuta kazi mu Lubumbashi leo anakutana na Kingereza mbele ya kukutana na mukubwa wa kampuni. Tangu Code minier ya mwaka 2002, kampuni za Australia, Kanada, Afrika ya Kusini na Uchina ziliingia mu Katanga, na nyingi kati yao zinaandika raporo, mafundisho ya usalama na hata matangazo ya kazi mu Kingereza. Ukifika Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, kilometa karibu 90 kutoka muji, Kifaransa kinaanza kupoteza nguvu. Njo maana vijana wengi wanajiandikisha ku masomo ya Kingereza ya mangaribi, na kati ya maverbe ya kwanza yenye wanafundishwa, nyuma ya «to be» na «to have», iko «to work».

Mwalimu anaandika ku ubao: work, travailler, kutumika. Wanafunzi wanakopia mu kaye, wanageuza ukurasa, wanaenda ku verbe ingine. Ule musitari mumoja si uongo. Lakini kati ya yale maneno matatu kuko nafasi kubwa, na mutu anaweza kuanguka ndani siku ya kuulizwa maswali ya kazi, ao siku ya kusaini karatasi yenye hajaelewa.

Mutu anatumika, mashini inatembea

Kingereza kinabebesha verbe moja muzigo mingi. «My father works»: baba anatumika. «The pump works»: pompe inatembea. «The medicine works»: dawa inasaidia. «The plan works»: mupango unafaulu. Mu sentensi ine hizo Mwingereza hakubadilisha verbe hata mara moja. Mutu wa Lubumbashi anabadilisha, juu mu kichwa chake kutumika ni kwanza jambo la muntu mwenye mikono, mwenye jasho, mwenye mushahara ku mwisho wa mwezi. Mashini yenyewe inatembea, sawa vile Kifaransa kinasema «ça marche». Ni kweli kuko watu wenye wanasema pia «telefone yangu haitumike», na hakuna mutu wa kuwacheka. Lakini wanafunzi wengi, wakikutana na «it doesn't work» kwa mara ya kwanza, wanajiuliza kwanza ni nani mwenye hana kazi.

Mu Tanzania na Kenya wanasema kwa mashini «haifanyi kazi», na kwa mutu «anafanya kazi». Hapo Kiswahili cha huko kinafanana na Kingereza kuliko chetu: ni neno moja kwa mutu na kwa mashini. Kibemba nacho kinatumia «ukubomba» kwa kazi ya mutu, na «incito» kwa kazi yenyewe, ile ya kuajiriwa. Mu Lingala ni «kosala» na «mosala». Mu Tshiluba kazi ni «mudimu», mu Kiluba «mwingilo». Jamaa moja ya Lubumbashi yenye bibi ni wa Mwene-Ditu na bwana ni wa Kasenga iko na maneno matatu ao mane kwa kazi mbele hata ya kufungua dictionnaire ya Kingereza.

Kosa kubwa la wanafunzi haliko mu verbe yenyewe, liko mu ile neno dogo lenye linafuata. Mu Lubumbashi mutu anasema «natumika na Bachinwa», na kila mutu anaelewa: Wachina njo wakubwa wake, wao njo wanamulipa. Akigeuza neno kwa neno anasema «I work with the Chinese», na mwenye kusikia anaelewa kwamba ni wenzake wa kazi, wanabeba chombo kimoja pamoja. Kwa mukubwa mwenye anakulipa Kingereza kinataka «for». Kwa pahali ni «at» ao «in». Kwa kitu chenye unatengeneza, sawa moteur ao raporo, ni «on».

Tena kuko ile «sawa». «Natumika sawa chauffeur» ni sentensi safi kabisa ku Kamalondo ao ku Katuba. Lakini Kingereza kinapasua «sawa» vipande mbili. «I work as a driver» maana yake chauffeur njo kazi yangu. «I work like a driver» maana yake ninafanya namna chauffeur anafanya, lakini chauffeur siye mimi. Mutu mwenye permis na miaka kumi ya barabara ya Likasi akisema ile ya pili mbele ya wenye kumuajiri, yeye mwenyewe amejitoa mu kazi yake.

Ile «-ka» ya ku mwisho

Hapa njo pahali Kiswahili cha Lubumbashi kinapita Kifaransa mbali, na ajabu ni kwamba masomo mengi hayaonyeshi.

Kingereza kinatenganisha «I work» na «I am working». Ya kwanza ni desturi, jambo la kila siku: njo kazi yangu. Ya pili ni sasa hivi, ao kwa wakati huu tu. Kifaransa kinasema «je travaille» kwa zote mbili. Mwalimu mwenye anapitia Kifaransa analazimika kueleza kwa saa nzima, na wanafunzi wanatoka paka na mashaka.

Kumbe mutoto wa Lubumbashi alikwisha kujua tofauti hiyo tangu nyumbani. Anasema «natumikaka ku Kenya» kwa kazi ya kila siku, na «niko natumika» kama unamupigia telefone na yeye iko na nyundo mu mukono. Ile «-ka» ya ku mwisho wa verbe, yenye tunaweka mu «nakulaka», «anasemaka», «wanaendaka», ni alama ya desturi. Kwa hiyo «natumikaka» ni «I work», na «niko natumika» ni «I am working». Hakuna haja ya kupitia Paris mbele ya kufika London. Kiswahili cha vitabu kinaweza kusema «ninafanya kazi» kwa zote mbili. Kile cha mu kiwanja kinakusaidia.

Hata kwa zamani inaendelea vilevile. «Nilikuwaka natumika ku Gécamines», yaani kulikuwa wakati hiyo ilikuwa maisha yangu na sasa hapana tena, ni «I used to work for Gécamines». Wengi wanasema «I was working», na mwenye kusikia anangojea mwisho wa habari: ulikuwa unatumika, halafu nini ikatokea?

Pahali pagumu kweli ni kwa kazi yenye ilianza zamani na haijaisha. Mu Kifaransa ni «je travaille ici depuis 2015», na mutu anageuza: «I work here since 2015». Kingereza kinataka «I have worked here since 2015», ao «I have been working». Kama mutu anasema «I worked here for ten years», mukubwa anaandika mu karatasi yake kwamba huyu alikwisha kutoka. Hapo Kiswahili chetu hakitusaidii sana, juu «nilitumika miaka kumi» inaweza kuwa ya mutu mwenye angali kazini na ya mutu mwenye alifukuzwa jana. Ni kujifunza tu, kwa kichwa.

Kutumwa, kutumiwa, kutumika

Kuko mambo ingine yenye inashangaza wageni wa kutoka mashariki. Ku parking ya malori pale Kasumbalesa, chauffeur wa Tanzania akimuuliza kijana wa Kongo anafanya nini, anaweza kusikia: «Niko natumika ku douane.» Kwa masikio yake ni sawa kijana amesema kwamba wanamutumia ku douane sawa chombo. Mu Tanzania na Kenya «kutumika» ni ya vitu: chumvi inatumika mu mboga, feza fulani inatumika mu inchi fulani. Kwa mutu inageuka tusi la siasa: «unatumika» maana yake kuko wakubwa nyuma yako, wanakuchezesha. Mukongomani anasema kwa heshima kwamba iko na kazi, mwenzake anasikia kwamba amenunuliwa. Tangu Kongo iingie mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kukutana kwa namna hii kunaongezeka, na inafaa mutu wa Lubumbashi mwenye anaenda Dar es Salaam kutafuta mizigo ajue kusema «ninafanya kazi».

Lakini si kusema kwamba Lubumbashi iliharibu neno. Muzizi ni ule wa kutuma. Kutoka kutuma kunatoka kutumia, kutumika, kutumikia, kutumikisha. Kunatoka pia mutume, mutumishi na mutumwa. Mutume ni mwenye kutumwa na Mungu, mutumishi ni mwenye kutumikia, mutumwa ni mwenye hana uhuru. Jamaa moja ya maneno inashika mutu mutakatifu na mutu mwenye kufungwa minyororo. Kutumika ya zamani ilikuwa na maana ya kuwa mu kazi ya mutu mwingine, kuwa chini ya amri yake, na njo maana hiyo ilibakia huku kwetu wakati kule pwani ilienda upande wa vitu.

Inaeleweka kama mutu anaangalia namna kazi ya mushahara ilifika mu Katanga. Kiswahili kilikuwa kilishafika mbele ya mine, na misafara ya wafanyabiashara na Wayeke wa Msiri pale Bunkeya. Halafu Union Minière du Haut-Katanga ikaundwa mwaka 1906, njia ya reli kutoka kusini ikafika hapa mwaka 1910, Élisabethville ikazaliwa, na mwaka 1911 four ya Lubumbashi ikaanza kutoa shaba. Wafanyakazi wengi wa kwanza walitoka Rhodesia ya Kaskazini, ile tunaita leo Zambia, wakiletwa na wakala wa kutafuta watu. Wazungu wengi wa fundi walisema Kingereza, na kwa kuamuru watu kulikuwa pia Kikabanga, ndugu ya ile Fanagalo ya mine za kusini, yenye kwa kutumika inasema «sebenza». Maneno sawa boyi, motokari na bulangeti ni alama za wakati ule zenye zilibakia mu vinywa vyetu. «Work» yenyewe haikubakia. Wabelgiji waliogopa Kingereza kitashika Katanga yote, na kidogo kidogo Kiswahili kikachukua nafasi ya luga ya kazi. Basi mutu alitumwa, alitumika.

Mutu mwenye anataka kusoma namna wafanyakazi wenyewe waliona mambo hiyo aangalie «Vocabulaire ya ville de Elisabethville» ya André Yav, ya mwaka 1965. Yav alikuwa mufanyakazi wa nyumbani, boyi wa Wazungu, na aliandika historia ya muji mu Kiswahili cha hapa hapa, bila kuomba ruhusa ya grammaire. Johannes Fabian, mwenye alitoa pia makala mwaka 1973 juu ya neno «kazi» kwa wafanyakazi wa Jamaa, alichapisha kitabu cha Yav na maelezo mwaka 1990. Ni wachache mu Lubumbashi wenye waliona kitabu hicho, na hiyo ni huzuni, juu kiliandikwa kwa ajili yao.

Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita, wafanyakazi wa Union Minière walikatala kuendelea bila kuongezewa mushahara. Tarehe 9 Desemba askari waliwapiga risasi ku kiwanja cha mupira hapa Lubumbashi. Makumi ya watu walikufa, na kati yao Léonard Mpoyi mwenye alisema kwa jina la wenzake. Kutumika ilikuwa neno la kila siku, lakini kukatala kutumika kulilipwa na damu.

Nani «anatumika»?

Wakati wa Union Minière, na nyuma yake Gécamines kuanzia 1967, «anatumika» ilikuwa jibu lenye linafunga maswali yote. Familia ya binti ikiuliza juu ya kijana mwenye anakuja kuposa, ikisikia «anatumika ku Gécamines», walijua kuko nyumba, hospitali, masomo ya watoto na poso ya bunga. Kampuni njo baba, njo mama, watu walizoea kusema. Halafu mine ya Kamoto ikaporomoka mwaka 1990, uzalishaji ukaanguka, mishahara ikakawia miezi na miezi. Mwaka 2003, na musaada wa Banque mondiale, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kwa kile kiliitwa «départ volontaire». Ile volontaire watu wengi wanaitamka paka na kicheko kidogo. Tangu siku ile mu nyumba nyingi za Gécamines baba hasemi tena «natumikaka». Anasema «nilikuwaka natumika».

Na mama? Uliza mu avenue yoyote ya Kenya:

– Yaya, mama yako anatumikaka?
– Hapana, anauzishaka tu ku soko.

Huyo mama anaamuka saa kumi ya usiku, anaenda kununua mboga ao samaki, anabeba bassin ku kichwa, anashinda ku jua, anarudi kupika, na feza yake njo inalipa shule tangu 2003. Lakini hatumike. Verbe haimuoni. Ku karatasi za état civil anaandikwa «ménagère», na habari inaishia hapo. Ni desturi ya luga, hakuna mutu mwenye aliamua hivyo kwa ubaya, lakini matunda yake ni mabaya: kazi yenye haina jina haina pia haki ya kuulizwa.

Hapa Kingereza kiko na kitu cha kutusaidia, juu kiko na maneno mawili. «Job» ni kazi ya kuajiriwa, yenye mushahara na mukubwa. «Work» ni kila jasho lenye linazalisha kitu. Mama wa soko anaweza kukosa «job», lakini «she works», na hakuna Mwingereza wa kubisha. Wanafunzi wenye wanaandika CV mu Kingereza wangefaa kukumbuka hiyo. Kijana mwenye alisaidia dukani kwa mjomba miaka mitatu, mwenye alifanya transport na kinga, mwenye alitengeneza matelefone ku bord ya barabara, anaacha ukurasa mweupe kwa sababu anafikiri «sikutumikaka hata siku moja». Alitumika. Aandike «I worked in my uncle's shop from 2019 to 2022», na namna alifanya: feza, stock, wateja.

Kwa watoto jambo ni zito zaidi. Mutu wa ONG akifika ku kijiji karibu na mine na kuuliza muzazi «mutoto wako anatumika?», muzazi anajibu hapana, na moyo wake hauna uongo, juu mutoto hana mushahara wala mukubwa. Lakini mutoto huyo alishinda asubuhi ku mutoni akisafisha mawe ya shaba na kobalti. Sheria inakataza watoto wenye hawajatimiza miaka 18 kutumika mu mine. Ukitaka kujua ukweli usiulize kama anatumika. Uliza jana alifanya nini tangu alipoamuka mupaka alipolala.

Hata «creuseurs», wale wachimbaji wa mikono, wanagawanyika juu ya neno hili. Wengine wanasema «niko ku carrière» ao «nachimbaka», kama vile kutumika ni ya wenye helmeti na bus ya kampuni. Wengine wanakatala kabisa: tunatumika, na tunatumika zaidi ya wale wa bus.

Neno mu karatasi

Mbele ya sheria ya Kongo swali la nani anatumika lina jibu, na si gumu sana kuelewa. Code du travail, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema kontra ya kazi ni mapatano, ya kuandikwa ao ya kinywa, yenye mutu anajifunga kumufanyia mwingine kazi ya mikono ao ingine, chini ya uongozi na mamlaka yake, kwa malipo. Mambo matatu, basi: kazi, mamlaka, malipo. Yakiwepo yote matatu, unatumika, hata kama hakuna mutu mwenye alikupatia karatasi. Tena, kontra inafaa kuandikwa, na kama haikuandikwa, sheria inaichukua kwanza kuwa ya muda usio na mwisho, mupaka mutu aonyeshe kinyume.

Shida inaingia na makaratasi ya Kingereza. Kampuni za sous-traitance ni nyingi, zile zenye zinatafuta watu kwa ajili ya kampuni kubwa za mine, na sheria ya tarehe 8 Februari 2017 njo inapanga kazi yao. Mu karatasi zao mutu anaweza kukutana na maneno yenye yanafanana kwa mbali. «Employee» ni mwenye kuajiriwa. «Contractor» si mwenye kontra ya kazi, hata kama sikio letu linasikia «contrat» ndani yake; ni mwenye kufanya kazi kwa jina lake mwenyewe, kisha anatoa facture. Na pale karatasi inasema «provide services» pahali pa «work», wanaweza kumuhesabu mutu kuwa prestataire, na hapo congé, CNSS na préavis vinaanza kubishaniwa. Verbe ilibadilishwa tu, na haki zote zikatikisika naye. Lakini hata hapo neno la karatasi pekee halimalizi: kama kuko mukubwa mwenye anakuamuru saa ya kuingia na ya kutoka, ile mamlaka yenye sheria inataja iko.

Ile «-ka» yetu inarudia hapa, na inaweza kuuma. Mutu mwenye anaenda kulalamika ku Inspection du travail anasema mu Kiswahili: «Natumikaka pale.» Mwenye kuandika anaweka mu Kifaransa: «Il travaille là-bas.» Desturi, ile ya kila siku, ya wiki kwa wiki, inapotea mu safari. Kwa mufanyakazi wa siku, yule wa «journalier», desturi hiyo njo kila kitu. Code inasema hivi: mufanyakazi wa siku akishatimiza siku 22 za kazi mu muda wa miezi miwili, na wakimuchukua tena mbele ya miezi hiyo kuisha, kontra yake mupya inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Wengi wanaachishwa siku ya 20 ao ya 21, na hawajui sababu.

Kwa hiyo mbele ya Inspection afazali kutosema «natumikaka» peke yake. Mutu aseme tarehe: nilianza siku fulani, nilitumika siku hizi na hizi, fulani njo alikuwa ananiamuru, feza fulani njo nilipokea. Kaye ya mutoto ya shule inatosha: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, jina la mukubwa wa ekipe, feza. Na kama karatasi iko mu Kingereza, mutu asisaini siku ileile. Aombe kopi, amupelekee mwenye kuisoma, na amuulize kwanza kama kumeandikwa «employee» ao «contractor».